Wimbo Uliokimbia

3 Machi

Kwako Mzee mwenye sauti,

Shikamoo.

Hunijui. Mimi ni binti wa kiwanda cha viatu, idara ya kubandika soli, na kwa sababu hiyo wenzangu wananiita Gundi. Jina limenikaa hasa, hata mama yangu siku hizi ananiita hivyo. Anwani yako nimepewa na shemeji yako, kinyozi wa pale nje ya geti la kiwanda, baada ya kumsumbua wiki nzima. Alisema huna simu na huitaki, basi nikanunua bahasha.

Mzee, nilikuwa kwenye kiti chake nanyolewa. Mimi hunyoa pembeni kote nikabakiza katikati, mama hataki hata kuniangalia. Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja alipoweka kanda yako. Nilinyanyuka na shuka lake shingoni nikaenda kusimama mbele ya redio. Gita moja na mtu mmoja, basi. Wimbo unaanza mbio, unazidi mbio, na kila ubeti sauti yako inapanda kidogo, mpaka mwisho nikawa nashika meza. Nilimwomba arudie, akarudia, nikaomba tena. Wateja wakaanza kununa.

Nina bendi. Tuko wanne, tunapiga panki, muziki wa mbio na makelele. Sisi tunajisifu kwamba hatudanganyi mtu: hatusafishi sauti, hatupambi, kosa likitoka tunaliacha lilivyo. Halafu nakusikia wewe, miaka ishirini na sita iliyopita, peke yako chumbani, umeshafanya yote tunayohangaika kuyafanya. Kinyozi anasema ile ni bluzi. Mimi bluzi nilidhani ni muziki wa watu waliokaa wameinama. Kama ile ni bluzi, basi nilikuwa siijui.

Nina maombi mawili. La kwanza, tumepata studio kwa siku mbili, tarehe 22 na 23 Mei, na tunataka kuurekodi wimbo wako uwe wa kwanza kwenye albamu. Turuhusu. La pili ni la kiufundi. Kinyozi amenipa nakala ya kanda, nikajaribu kupiga gita sambamba nayo. Nikikaza nyuzi zangu kidogo kabla ya kuanza, ubeti wa kwanza tunakwenda pamoja. Wa tatu gita langu limeshaachwa chini. Wa mwisho hatujuani kabisa. Maana yake unakaza nyuzi zote sita huku unapiga na huku unaimba. Unafanyaje, Mzee? Nimejaribu mpaka vidole vimetoka malengelenge.

Nakuheshimu sana, na sijawahi kumwandikia mtu hivi.

Gundi


12 Machi

Kwako binti yangu Gundi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne nikiwa juu ya ngazi. Kazi yangu ni kuchora vibao vya maduka. Siku ile nilikuwa naandika DUKA LA DAWA, na kwa ajili yako herufi ya mwisho imekaa upande. Mwenye duka hajagundua, nami sitamwambia.

Ruhusa umepata. Imbeni, pigeni, vunjeni vyombo mkitaka. Sikuwahi kufikiri kwamba wimbo ule umesikiwa na mtu nje ya duka la shemeji yangu, sembuse mtu wa kuusikiliza wima na shuka shingoni.

Umeniuliza maswali mazuri. Watu wengi husikiliza maneno tu, wewe umesikiliza nyuzi. Sikio la namna hiyo halifundishwi. Kuhusu huko kukaza, hiyo ni kazi ya miaka mingi, mwanangu, haielezeki kwa barua. Wewe endelea kujaribu.

Niandikie tena. Nieleze hiyo panki yenu inavyopigwa, na mpiga ngoma wenu ni mtu wa namna gani.

Mchora Vibao


12 Machi

Shemeji,

Habari za duka. Huyo binti wako mwenye kichwa cha nusu ameniletea kazi.

Anasema kwenye kanda mimi nakwenda mbio na nyuzi zangu zinapanda kila ubeti. Shemeji, wewe umewahi kuona mtu akikaza nyuzi sita akiwa anapiga? Mikono mingapi hiyo? Sikuwahi kukaza hata mmoja. Nimeliwaza jambo hili siku mbili ndipo nikaelewa. Ile redio kaseti niliiazima kwa mwalimu, na betri zake zilikuwa zinakata roho. Wimbo ulipoisha tu, kile kitaa chekundu kikazimika. Mashine ikiishiwa nguvu huvuta utepe polepole. Utepe huohuo ukiuweka kwenye mashine nzima, kila kitu kinakimbia, na kadiri betri zilivyozidi kufa ndivyo unavyozidi kukimbia. Mimi niliimba polepole, Shemeji. Niliimba polepole mno, kwa sababu pumzi ilikuwa haitoki.

Sasa usimwambie binti. Najua ni upuuzi. Nina miaka sitini na tisa na hakuna mtu aliyewahi kuniandikia barua ya namna ile. Akijua kwamba huo moto anaousifu ni betri mbovu, ataacha kuandika. Niachie nifurahi kidogo.

Mimi mwenyewe kanda ile sijawahi kuisikia. Niliirekodi asubuhi, mchana nikaja nayo kwako ili umpe dada yako, maana alikuwa ameondoka akisema amechoka kuishi na ukuta. Kuongea sijui, nikadhani kuimba nitaweza. Hukuniambia alisema nini. Nami sikuuliza. Hakurudi, nikaona jibu ndilo hilo.

Shemeji yako


21 Machi

Shemeji,

Barua yako ilifika mteja akiwa kitini. Nimeisoma, nikazima mashine ya kunyolea, nikakaa kwenye benchi la wateja. Yule mteja akaniuliza kama kuna msiba.

Sikujua. Wallahi sikujua. Mimi nilidhani ndivyo ulivyoimba.

Sasa nitakueleza nililokuficha, na unisamehe. Siku ile dada alikaa kwenye kiti changu, nikamwekea kanda. Unakumbuka maneno yako: kikombe kimoja mezani, kiti kimoja kimevutwa, taa moja dirishani. Ndivyo alivyoyasikia, lakini kwa mbio zile, na gita linaruka namna ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe anasherehekea." Akachukua mkoba wake akatoka. Sikumzuia, kwa kuwa hata mimi nilisikia sherehe. Nilikuona huna haya, kusema kweli. Ila wimbo ulikuwa mtamu na wateja wakaupenda, nikawa nauweka kila alasiri.

Shemeji, dada ana chumba chake cha kushonea ukuta kwa ukuta na duka langu. Kila nikiiweka kanda, yeye hufunga dirisha. Miaka yote hii nilidhani ni kelele zinamkera.

Nikimweleza kwa mdomo hataamini. Nikikutaja tu, anakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka nanyamaza. Lazima ausikie ulivyokuwa. Binti anamfahamu mpiga besi wa bendi ya jazi ya hotelini, na huyo nasikia ana mashine za kila aina. Mwambie binti ukweli. Mimi kanda nimeitoa redioni, sitaiweka tena hivi ilivyo.

Kinyozi


9 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Najua kwamba barua hii imechelewa, lakini nina mengi.

Uliniuliza kuhusu mpiga ngoma. Ni dada mmoja mpole sana, mchana anauza miwani, na akishika fimbo zake hakuna anayemsogelea. Hajawahi kukaa kimya dakika tatu tangu nimjue.

Nimempelekea kanda yako mpiga besi wa jazi. Ni mzee kidogo, anapiga lile besi kubwa la kusimama nalo. Aliniambia gita niliache mlangoni, nikae chini, nisitikise mguu. Anasema watu wa panki tunasikiliza kwa mwili mzima mpaka masikio yanakosa nafasi. Nilitaka kubisha, lakini nilikaa. Tukaanza na kanda yake mwenyewe, wimbo uleule aliopiga siku tatu tofauti, na kila siku ni kitu kingine. Nilimuuliza upi ndio wa kweli. Alicheka, akasema siku ya nne atanijibu. Mzee, sikuwahi kudhani kimya kati ya noti mbili kinaweza kunifanya nishike pumzi. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nisisikie kitu kingine.

Yako aliisikiliza mara tatu akiwa amefumba macho. Hakusifu. Aliuliza tu kama aliyeimba alikuwa mtu mwenye furaha. Nikamwambia bila shaka, sikiliza mwenyewe. Akanirudishia kanda.

Kuhusu kukaza nyuzi, nimepata njia. Napiga nyuzi zikiwa wazi kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unazungusha vile vifungo vya kichwani mwa gita, viwili viwili. Nilikaribia kabisa kukufikia. Juzi uzi wa juu ukakatika ukanichana nyusi, nimeshonwa nyuzi nne. Usihangaike, jicho ni zima. Nikipona naendelea. Wenzangu wanasema niache, wanasema hakuna anayeweza. Nawaambia yupo mmoja, na mimi nina barua yake.

Gundi


15 Aprili

Binti yangu,

Acha. Weka gita chini usome hadi mwisho.

Hakuna anayeweza kukaza nyuzi hivyo. Hata mimi siwezi, na sikuwahi kufanya. Betri za mashine zilikuwa zinakufa siku niliporekodi, na ndiyo maana wimbo unakimbia na sauti inapanda. Nililitambua siku mbili baada ya kusoma barua yako ya kwanza, kabla sijakujibu. Nikakuandikia kwamba ni kazi ya miaka mingi. Huo ulikuwa uongo wa mtu mzima mwenye akili zake, na wewe umelipa kwa nyusi yako. Nimeisoma barua yako nikaona aibu mpaka nikashindwa kupanda ngazi. Siku nzima sikuchora hata herufi moja.

Nikueleze kwa nini. Nilitaka kuandikiwa tena. Hilo tu. Uliponisifu nilijiona mtu, nikaogopa kwamba ukinijua nilivyo utaona mzee mmoja aliyeinama, kama ulivyodhani watu wa bluzi walivyo. Na ndivyo nilivyokuwa. Wimbo ule niliuimba polepole, kwa kukwama, kwa ajili ya mke wangu aliyekuwa ameondoka. Ni dada yake kinyozi, fundi cherehani wa chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na duka lake. Yeye aliusikia kama ulivyousikia wewe, mbio mbio, akadhani nafurahia kuachwa. Hakurudi. Hayo nimeyajua mwezi uliopita, baada ya miaka ishirini na sita.

Sina haki ya kukuomba kitu. Lakini naomba. Huyo mpiga besi, kama anaweza kuupunguza wimbo mpaka urudi kwenye mwendo wake, apunguze. Gita langu lilikuwa limefungwa kawaida, kama magita yote. Mpe kinyozi, naye atajua la kufanya. Baada ya hapo, ukitaka kuniacha, niache.

Mchora Vibao


2 Mei

Binti yangu,

Hujajibu, na sikulaumu. Nataka kujua jambo moja tu, kama zile nyuzi za nyusi zimetolewa na kama jicho halina tatizo. Ukiona taabu kuniandikia, mwambie kinyozi aniandikie.

Mchora Vibao


11 Mei

Mzee wangu,

Shikamoo. Nyuzi zimetolewa. Limebaki kovu dogo, mpiga ngoma anasema limenipendeza.

Nilikukasirikia. Ni bora nikuambie kuliko ukisie. Wiki nzima nilibandika soli bila kusema na mtu. Sikukasirika kwa ajili ya nyusi. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba wewe ndiye mtu wa kweli kuliko sote, kumbe nilikuwa naiga mashine iliyoishiwa nguvu. Nilijiona bandia kabisa. Nilitaka kuufuta wimbo kwenye orodha ya studio.

Mpiga besi ndiye aliyenirudisha. Nilimsomea barua yako, akasema alijua tangu siku ile kwamba nyuzi haziwezi kupanda hivyo, ila aliona mimi nina furaha akashindwa kuniharibia. Nikamwambia basi nyote wazee ni waongo. Akakubali. Kisha akatoa mashine yake, ile yenye kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo.

Tulifanya hivi. Yeye aliushika uzi mzito wa besi, akawa anaupiga taratibu ili utupe sauti ya kufuata. Mimi nilishika kitufe. Kila gita lako lilipotaka kupanda, nilipunguza, kidogo kidogo, mpaka likakaa kwenye sauti ya gita lililofungwa kawaida, kama ulivyosema. Ilituchukua Jumapili mbili, maana betri zako hazikufa kwa mpango. Mara zinakata, mara zinajikaza. Zilinitoa jasho hasa.

Jumamosi tukawaita wenzetu, tukakaa wote sakafuni kwenye stoo ya kiwanda, kati ya maboksi ya viatu, tukaiweka.

Mzee, sijui nikuelezeje. Ile sauti nyembamba ya kijana haipo. Kuna mtu mzima, sauti nzito, hana haraka na lolote. Unasema kikombe kimoja, halafu husemi kitu. Unaacha. Mara ya kwanza nilidhani kanda imekatika. Kisha likaja gita, noti moja, ukaiachia mpaka ikaisha yenyewe. Tulisikia kiti chako kikilia ulipogeuka. Tulikusikia ukivuta pumzi kabla ya kila mstari, na kwenye ule wa taa ukaivuta mara mbili kwa sababu ya kwanza haikutosha. Kwenye kanda ya kinyozi hayo yote yamo, ila yanapita upesi mno kiasi kwamba nilidhani ni mikwaruzo. Mimi ninayejisifu kwamba sisafishi sauti, nilikuwa nimesikiliza mara mia bila kusikia kwamba kuna mtu anapumua.

Mpiga ngoma alikaa kimya mpaka mwisho, na ulipoisha akaendelea kukaa kimya. Kisha akaomba urudiwe.

Uliogopa kwamba nitaona mzee aliyeinama. Nimekuona. Nimekupenda zaidi kuliko yule aliyekimbia, na yule nilimpenda sana.

Tarehe 22 tutaurekodi kwa mbio, kama nilivyoujua, kwa sababu mbio zile sasa ni zetu na tulizipata bila hila. Sitakaza uzi hata mmoja. Ila katikati tutasimama. Wote wanne tutaacha kupiga, tuvute pumzi, ndipo tuendelee. Mpiga besi anasema sasa naanza kusikia, ingawa bado natikisa mguu.

Kanda mpya nimetengeneza mbili. Yako iko ndani ya kifurushi hiki. Ya pili nilimpelekea kinyozi jana, mkononi mwake. Aliisikiliza peke yake amefunga mlango wa duka, na aliponifungulia macho yalikuwa mekundu, akanisingizia mimi na moshi wa kiwanda chetu.

Wako,
Gundi


24 Mei

Kwako wewe,

Kaka alikuja dirishani kwangu saa tisa alasiri, redio ameikumbatia kifuani, akasema kwa wiki mbili alikuwa anaogopa, ila leo nisifunge, mara hii moja tu. Nilimwambia nina kazi. Akasema nishone tu, hakuna anayenizuia. Ameanza uhodari uzeeni.

Basi nikaendelea kushona. Nilidhani ni mtu mwingine anayeimba wimbo wako, nikasema moyoni huyu angalau anajua anachokiimba. Halafu nikasikia ukivuta pumzi kabla ya neno kiti. Ulikuwa ukivuta pumzi hivyohivyo kila asubuhi ukikaa ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka, na mimi nikiwa nimekupa mgongo nasubiri useme neno, na wewe huna neno. Nikajua ni wewe. Nimeshona mkono wa gauni la mteja nikaufunga kabisa, kesho nitaufumua.

Kaka amenieleza habari ya betri na ya yule binti wa viatu. Kisha akamleta mwenyewe, nikamshonea kola. Ana adabu, ukishamzoea kichwa. Ameniambia wewe ndiye mwanamuziki mkubwa kuliko wote aliowahi kuwasikia. Nikamwambia mimi nilikaa na wewe miaka kumi na moja na hukunipigia hata wimbo mmoja mpaka nilipoondoka.

Miaka ishirini na sita nimekukasirikia kwa furaha ambayo hukuwa nayo. Nimelia kwa hilo, nakuambia wazi. Na wewe je, mguu wako ulikuwa na nini? Ungekuja mara moja tu ukasimama mlangoni ukauliza. Hilo sitakusamehe upesi.

Sijasema nitarudi. Nina chumba changu na wateja wangu, na nimezoea kulala katikati ya kitanda. Lakini Jumamosi sifungui kazi. Njoo na gita uniimbie mwenyewe, pasiwe na mashine kati yetu. Usipitie kwa kaka kwanza, atakuchelewesha kwa maneno. Na ukifika ukashindwa kuimba, basi kaa. Ukishindwa na kusema, vilevile kaa. Safari hii nitangoja.

Mkeo